Muhuri wa Februari: kisa cha nyumba ya kupangisha Mamboleo

Mwalimu, mteja niliyekuwa nikimchorea nyumba ya kupangisha, alinipigia simu usiku mmoja wa Januari 2025, baada ya taarifa ya habari. "Nyar Seme, nasikia sheria mpya ya ujenzi inaanza Machi. Ramani yangu imefika wapi?" Huniita hivyo, yaani binti wa Seme kwa Kijaluo.

Ramani yake ilikuwa mezani kwangu, na ilikuwa haijaiva. Ghorofa nne, nyumba kumi na sita za chumba kimoja cha kulala, kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia upande wa Mamboleo, Kisumu. Nilikuwa nimemchorea mpango wa kwanza, ule ambao kila mtu hapa huuchora: korido katikati, nyumba mbili huku na mbili kule kila ghorofa. Nikauangalia tena na kuona kosa. Nikamwomba anipe wiki sita niupange upya.

"Wiki sita, binti yangu, zitatuvusha Machi. Tupeleke hivyo ilivyo."

Tukapeleka ramani iidhinishwe. Muhuri ukapigwa Februari. Leo nyumba imesimama na ina wapangaji, na vyumba vingi kati ya vinane vinavyotazama magharibi havilaliki vizuri kabla ya saa tano au saa sita usiku. Nimekipitia kisa hiki mara nyingi nikitafuta palipoharibika. Haraka ya Mwalimu imo, na udhaifu wangu wa kukubali umo. Ila kilichotusukuma sote wawili ni namna tarehe ya serikali ilivyopangwa, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu kanuni nyingine za nishati za majengo zitakuja na zitawekewa tarehe zake.

Tarehe yenyewe

Kwa zaidi ya nusu karne ujenzi wa Kenya uliongozwa na sheria ndogo za ujenzi za mwaka 1968. Ziliandikwa ili kila baraza la mji lizichukue na kuzifanya zake. Mabaraza hayo yaliondoka serikali za kaunti zilipoingia mwaka 2013, lakini sheria zake zikabaki, tukiendelea kuzifuata kama mtu anayeishi katika nyumba ambayo mwenyewe amehama. Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka 2024 ilitangazwa katika gazeti rasmi la serikali mwezi Machi 2024, kwa Tangazo la Kisheria namba 47, chini ya sheria iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi mwaka 2011. Ikapewa mwaka mmoja kabla ya kuanza kutumika: 1 Machi 2025.

Mwaka mmoja wa kujiandaa ni jambo la haki. Huwezi kumwamsha fundi asubuhi ukamwambia kazi ya jana leo ni kosa. Wauza vifaa wanahitaji muda wa kuagiza, wahandisi muda wa kusoma, na maafisa wanaopitia michoro muda wa kujifunza watafute nini kwenye karatasi. Sina ugomvi na mwaka huo. Ugomvi wangu ni kwamba ulikuwa mwaka mtupu. Kwetu sisi tunaochora huku Kisumu haukuwa na hatua ya mwezi wa tatu, wala ya mwezi wa sita, wala jambo hata moja dogo lililotakiwa kuanza mapema. Ukiona mwaka wa namna hiyo ujue watu watafanya nini. Miezi tisa ya kwanza watalala, na mitatu ya mwisho watakimbia. Na hawatakimbilia kanuni mpya. Watakimbilia muhuri wa zamani.

Mimi nilikimbia pamoja nao. Kati ya Desemba 2024 na Februari 2025 nilipokea wateja wa harakaharaka kuliko miezi mingine yote ya mwaka huo, na wote walikuja na ombi moja: tuwahi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kanuni mpya inadai nini. Tulichukulia, na mtaa mzima ulichukulia, kwamba ramani yenye muhuri wa kabla ya Machi imeokoka. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inampa anayeamua maombi siku 60, na zikipita bila jibu la maandishi ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Mtu mwenye rundo la michoro mezani na siku 60 kichwani atajifunzaje wakati huohuo kusoma pembe ya jua kwenye ramani?

Jua, ukuta na mbu

Sasa tuje kwenye ploti ya Mwalimu, kwa sababu bila kuielewa, mjadala wa tarehe utabaki hewani.

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, pungufu ya nyuzi moja kusini yake. Jua hapa halina upande mmoja linakokaa mwaka mzima. Juni huegemea kaskazini, Desemba huegemea kusini, na Machi na Septemba hupita utosini. Kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kuzikinga, maana jua likizifikia linakuwa juu. Chukua dirisha lenye kimo cha mita 1.2. Hata tarehe 21 Juni, siku mbaya kuliko zote kwa ukuta wa kaskazini, kikingio cha sentimita 60 juu ya dirisha hilo kitalitia kivulini lote kuanzia saa mbili kabla ya jua kufika juu kabisa hadi saa mbili baada yake. Sentimita sitini ni slabu ndogo inayotokeza kwenye lenta, ile boriti ya juu ya dirisha. Fundi yeyote anaijenga bila kuuliza.

Ukuta wa magharibi ni habari nyingine. Mwezi Machi, saa mbili kabla ya kuchwa, jua liko nyuzi 30 tu juu ya upeo. Ukitaka kulikinga dirisha lilelile kwa slabu, slabu hiyo itabidi itokeze zaidi ya mita mbili. Hiyo ni veranda, na kwenye ploti ya hamsini kwa mia huna pa kuiweka mbele ya kila dirisha.

Jengo la Mwalimu limelala kaskazini kwenda kusini kwa sababu ploti yenyewe imelala hivyo. Nyumba nane zinatazama mashariki. Hizo hupigwa na jua la asubuhi watu wakienda kazini, na kufikia jioni zimepoa. Nane zinatazama magharibi. Ukuta wa mawe unakunywa joto alasiri yote na kulirudisha ndani pole pole saa kadhaa baadaye, yaani saa tatu au saa nne usiku, wakati mtoto analazwa.

"Si wafungue madirisha?" Ndivyo alivyoniuliza mhandisi mmoja kutoka nje ya eneo hili. Asiyeishi kando ya ziwa anaweza kuuliza hivyo. Huku malaria ipo mwaka mzima, na mama mwenye mtoto hufunga madirisha kabla ya giza kuingia. Kwa hiyo kanuni inayohesabu ukubwa wa dirisha bila kutaja wavu wa mbu imehesabu dirisha ambalo usiku halipo. Kisha kuna dirisha la alumini la kutelezesha, ambalo kila mwenye nyumba siku hizi analitaka kwa sababu linapendeza. Linafunguka nusu tu, maana kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Upana uliolipia mita moja na nusu unakupa hewa ya robo tatu ya mita. Kwenye mpango wa korido katikati, hata hewa hiyo haina njia: upepo wa ziwa wa alasiri unagonga dirisha la magharibi, unaingia chumbani, unakuta mlango umefungwa na ukuta nyuma yake, na safari yake inaishia hapo.

Mpango niliotaka kuuchora kwa zile wiki sita ulikuwa wa majengo mawili madogo yaliyolala kukata ploti, mashariki kwenda magharibi, na ua katikati. Kila jengo nyumba mbili kwa ghorofa, ghorofa nne. Kumi na sita zilezile. Kila nyumba ingekuwa na madirisha kaskazini na kusini, hewa ikiingia huku na kutokea kule. Gharama ya ziada iliyoonekana wazi ni ngazi ya pili. Sitasema ni bure, kwa sababu ngazi ya zege ya ghorofa nne ni fedha. Lakini ndiyo fedha pekee kubwa iliyokuwa imesimama kati ya Mwalimu na nyumba ambayo mtu angelala ndani yake.

Jambo jingine linalosahauliwa kwenye mazungumzo ya ufanisi wa nishati huku kwetu ni kwamba wapangaji wa Mamboleo hawana viyoyozi. Ukipima tokeni zao za umeme utaona taa, simu, televisheni, feni, labda friji. Mtu wa haraka atasema basi hakuna nishati ya kuokoa, kanuni isubiri. Mimi naona kinyume chake. Nyumba ya mawe itasimama miaka hamsini. Mpangaji wa leo anavumilia, ila atakayeishi mle miaka kumi na mitano ijayo atakuwa na uwezo wa kununua kiyoyozi, na atakiwasha jioni, saa zilezile ambazo Kenya yote imewasha taa na jiko. Tunajivunia kwamba sehemu kubwa ya umeme wetu inatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, na tuna haki ya kujivunia. Lakini Kisumu iko mwisho wa laini ndefu, na kwa miaka mingi ukanda huu umeegemea mtambo wa mafuta wa Muhoroni ili volteji isianguke. Kiyoyozi cha jioni kitaongezea mzigo palepale panapouma, na ukuta wa magharibi wa leo ndio utakaokiita.

Kilichookolewa

Machi ilipofika msingi ulikuwa umemwagwa. Nilimwendea Mwalimu nyumbani kwake, nikamweleza kwa mchoro wa mkono nilichokieleza hapo juu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa nini hukunigombeza Januari?" Hilo swali sijalisahau.

Kwenye kazi iliyoanza kuna vitu ambavyo bado vinageuzika. Tulibadilisha madirisha yote yakawa ya chuma ya kufunguka nje, na wavu ndani. Ncha mbili za korido, ambazo zilikuwa kuta zilizozibwa, tukazijenga kwa matofali ya matundu, na juu ya kila mlango tukaacha nafasi yenye wavu ili hewa ya magharibi ipate pa kutokea. Mabati ya kijivu cheusi yaliyokuwa yamechaguliwa tukayaacha, tukachukua ya rangi nyepesi, na tukaacha matundu ya hewa kati ya mabati na silingi. Ukuta wa magharibi ukapakwa nyeupe. Kwenye madirisha ya magharibi tulitaka vipande vya chuma vya kusimama, vyenye mwinamo, vya kukata jua la jioni. Fedha ikatosha ghorofa ya juu tu.

Kitu kimoja tulikifanya mapema kwa bahati: mabomba ya maji ya moto kutoka darini hadi kila bafu, yaliyofukiwa ukutani kabla ya plasta, hata kama mtambo wa jua wa kupashia maji haujanunuliwa. Kabla ya plasta hilo ni jambo la bomba na siku chache za fundi. Baada ya plasta na vigae ni kubomoa. Hapa ndipo kanuni za mwaka 2012 za kupasha maji kwa jua zinaponirudia akilini. Zilisema jengo linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku liweke mtambo wa jua, na majengo yaliyokuwepo yakapewa miaka mitano. Miaka mitano ikaisha 2017. Tembea Kisumu leo uangalie juu ya nyumba za kupangisha: matangi meusi ya maji baridi yamejaa, mitambo ya jua utaihesabu kwa vidole. Bafuni utakuta shawa ya umeme inayokula kilowati tano hivi kila inapofunguliwa. Wapangaji kumi na sita wakioga kwa wakati mmoja ni kilowati 80. Jengo jipya halikupewa muda huo, nalo lingewekewa mabomba siku ileile bila maumivu, lakini bila ukaguzi sharti lilibaki karatasini; na kwa jengo la zamani miaka mitano haikuwa na maana bila mkopo wala ukaguzi. Tarehe peke yake ilishindwa kote kuwili.

Vyumba vya magharibi vimepoa kiasi. Mpangaji wa ghorofa ya juu, mwenye vile vipande vya chuma, anasema analala saa nne usiku. Wa ghorofa ya pili bado anakaa nje na kiti hadi usiku. Uelekeo wa jengo haukugeuzika, wala hautageuzwa na mtu.

Tarehe ingepangwaje

Ninaloshikilia ni hili: kanuni ya nishati haistahili tarehe moja. Mambo yanayoamuliwa kwa penseli yaanze mapema, hata siku tisini baada ya tangazo: jengo lielekee wapi, dirisha likingwe vipi, hewa itokee wapi, mabati yawe ya rangi gani, mabomba ya maji ya moto yapite wapi. Hayahitaji meli kufika Mombasa. Mambo yanayohitaji soko, kama vioo maalumu, vizuia joto na mitambo ya jua, ndiyo yapewe mwaka au zaidi, pamoja na hatua za katikati ili watu wasilale. Kama ndivyo ingekuwa mwaka 2024, Mwalimu angekuja kwangu Januari akiwa na sharti la uelekeo limekwisha kuanza, na kukimbia kusingemsaidia. Tungechora majengo mawili.

La pili ni kuhusu muhuri. Muhuri wa ramani usiwe kinga ya milele. England ilipobadilisha kanuni zake za nishati za majengo tarehe 15 Juni 2022, aliyewasilisha maombi kabla ya siku hiyo aliruhusiwa kufuata kanuni za zamani kwa sharti kwamba kazi ianze kabla ya 15 Juni 2023, na sharti hilo lilihesabiwa kwa kila jengo peke yake. Mjenzi wa nyumba mia hakuweza kuchimba msingi mmoja na kudai kwamba tisini na tisa zilizobaki zimeokoka. Sisi tungeweza kuandika hivyo kwa mistari mitatu. Nchi hiyohiyo inatufundisha pia ubaya wa upande wa pili: mwaka 2006 iliahidi kwamba nyumba zote mpya zingekuwa hazitoi hewa ya ukaa kufikia 2016, wajenzi wakajipanga, kisha Julai 2015 serikali ikaifuta ahadi. Waliokuwa wamewekeza ndio waliopoteza. Tarehe ikisogezwa mara moja, ya pili hakuna atakayeiamini.

Serikali yenyewe ingeweza kutangulia. Mwezi uleule wa Machi 2024 Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini, na sasa serikali ni mjenzi mkubwa wa nyumba. Mjenzi mkubwa akidai madirisha ya kufunguka kikamilifu na wavu wa mbu kwenye kila zabuni, mafundi wa chuma wa soko la Kibuye hapa Kisumu watajifunza kuyatengeneza kwa wingi na bei itashuka kabla sheria haijamfikia mjenzi mdogo. Hiyo ndiyo njia ya kuutumia mwaka wa kungoja.

Wapo wanaosema wenye nyumba wangejirekebisha wenyewe, sheria isubiri soko. Hawajapangisha. Anayejenga si yeye anayenunua tokeni, wala si yeye anayekaa nje na kiti usiku. Mwalimu ni mtu mwema, na bado mimi ndiye niliyemwendea na mchoro wa mkono. Katika miaka yangu ya kazi hakuna mwenye nyumba ya kupangisha aliyewahi kuniuliza chumba cha magharibi kitakuwaje saa tatu usiku.

Liko jambo moja ambalo hata tarehe nzuri ya kanuni ya ujenzi isingelifikia. Ploti ya Mwalimu ilikatwa vibaya kabla yeye hajainunua. Aliyeigawa shamba lile alifuata barabara, akatoa vipande vyote vikiwa vimelala kaskazini kwenda kusini, na kila atakayejenga pale atapambana na jua la magharibi kama sisi. Mpimaji ndiye msanifu wa kwanza wa nyumba zetu. Sharti la uelekeo linapaswa kumkuta yeye, kwenye ruhusa ya kugawa ardhi.

Mdogo wake Mwalimu ana shamba la urithi upande wa Kibos, na familia imeamua kuligawa. Mwezi uliopita Mwalimu alinipigia tena, asubuhi safari hii. "Nyar Seme, mpimaji anakuja Jumamosi kuweka bikoni za mipaka. Njoo na dira yako kabla hajazifukia." Tulikwenda. Barabara ya ndani ilikuwa imechorwa ipite kando ya uzio wa magharibi. Tuliisogeza ikapita katikati, kaskazini kwenda kusini, na ploti zikalala kwa urefu mashariki na magharibi pande zake mbili. Idadi ya ploti haikupungua hata moja. Mpimaji alifuta mistari yake kwa raba, akapiga mingine, na kufikia saa sita mchana bikoni ya kwanza ilikuwa ardhini.